Ukingo wa juu ndio unaoamua: Somo la kuta za kelele kwa Mbulu na Hanang

*Lami inazidi kuingia Manyara, na malori yanaifuata. Kabla shule na hospitali zilizo kando ya barabara hazijaanza kujijengea kuta za kujikinga, kuna jambo moja la fizikia ambalo kila kamati ya ujenzi inapaswa kulijua.*

Semi iliyobeba alizeti au vitunguu vya Singida, ikielekea Babati na Arusha, ikifika mji wa Katesh wilayani Hanang hupunguza mwendo. Mbele yake kuna matuta ya barabarani, vivuko vya watoto wa shule, bodaboda zinazochomoza kutoka vichochoroni. Dereva hukamata breki, upepo wa breki hupiga mluzi, gari hupanda tuta na kushuka, kisha injini hunguruma upya akitafuta gia. Lori moja likipita, jingine liko nyuma yake. Hii ni barabara kuu inayounganisha kanda ya kati na kaskazini, na usiku haifungwi.

Sasa mfikirie mwanafunzi aliyeketi darasani nyuma ya uzio wa matofali. Lori halioni. Ukuta umeziba kabisa kati yake na barabara, na tofali haliwezi kupitisha sauti nyingi. Lakini mngurumo anausikia, na mwalimu anasimama katikati ya sentensi kusubiri upite. Sauti hiyo imepita wapi?

Imepita juu. Sehemu kubwa ya kelele inayomfikia mtu aliye nyuma ya ukuta imara, usio na matundu, hutoka kwenye ukingo wake wa juu. Ndiyo maana wataalamu wa sauti wametumia miongo mingi kuuliza swali ambalo kwa haraka linaonekana dogo: ukingo huo uwe na umbo gani? Uwe mwembamba kama bati, bapa kama meza, mviringo, wenye meno, au uwe mgongo wa udongo ulioota nyasi?

Kwa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, swali hilo si la mbali. Barabara ya Singida–Babati imekwishapata lami na inapita Katesh. Upande wa Mbulu, ujenzi wa lami kuelekea Haydom umekuwa ukifanyika kwa awamu. Lami huleta mengi mema: mgonjwa hufika hospitali akiwa hai, kitunguu swaumu cha Mbulu hufika sokoni kabla hakijaharibika. Huleta pia mwendo, na mwendo huleta kelele. Makosa yanayofanyika wakati wa kujenga ndiyo watoto watakayoishi nayo kwa miaka arobaini ijayo.

Kivuli cha mwanga, kivuli cha sauti

Jua linapoelekea kuzama, kivuli cha Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, hutambaa juu ya mashamba ya upande wa mashariki. Mpaka wake unaonekana wazi: hapa kuna jua, pale hakuna. Mwanga hufanya hivyo kwa sababu mawimbi yake ni mafupi mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Yakikutana na mlima hayana uwezo wa kujipinda kwa kiasi kinachoonekana na macho.

Sauti ni tofauti. Husafiri hewani kwa takribani mita 340 kwa sekunde, na mawimbi yake ni marefu. Mngurumo mzito wa injini ya dizeli, wenye mitetemo kama 100 kwa sekunde, una wimbi la urefu wa mita 3.4. Mlio wa matairi juu ya lami, wenye mitetemo kama 1,000 kwa sekunde, una wimbi la sentimita 34. Mawimbi ya urefu huo yakigusa ukingo wa ukuta hayakatiki. Yanapinda, yanashuka upande wa pili, na ukingo wenyewe unageuka kuwa chanzo kipya cha sauti kinachomwaga kelele ndani ya kile ambacho kingekuwa kivuli.

Wanasayansi walianza kuuelewa mpindo huu kupitia mwanga. Mfaransa Augustin Fresnel aliueleza kwa hesabu mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1896 Mjerumani Arnold Sommerfeld alipata jibu kamili la wimbi linapogonga ukingo wa kizuizi chembamba kilichonyooka. Kwa wajenzi wa barabara, aliyefanya kazi hiyo itumike kwa wepesi ni Mjapani Zyun-iti Maekawa wa Chuo Kikuu cha Kobe. Mwaka 1968 alichapisha mchoro uliotokana na vipimo vyake, ambao mhandisi angeweza kuutumia kwa penseli na rula.

Wazo la Maekawa linaeleweka bila hesabu nzito. Pima njia ambayo sauti ingepita moja kwa moja kutoka kwenye lori hadi sikioni kama ukuta usingekuwepo. Kisha pima njia inayopanda hadi ukingoni na kushuka hadi sikioni. Tofauti ya njia hizo mbili ndiyo nguvu ya ukuta. Kadiri ukuta unavyoilazimisha sauti kuzunguka mbali zaidi, ukilinganisha na urefu wa wimbi lake, ndivyo kelele inavyopungua.

Tuchukue mfano. Injini iko mita moja juu ya ardhi, mita tano kutoka kwenye ukuta wenye kimo cha mita tatu. Mwanafunzi ameketi mita 15 nyuma ya ukuta, sikio lake likiwa mita moja na nusu kutoka chini. Ukuta huo unaiongezea sauti safari ya sentimita 45 tu. Kwa mchoro wa Maekawa, sentimita hizo zinapunguza mlio wa matairi kwa karibu desibeli 17, lakini mngurumo wa injini unapungua kwa karibu desibeli 9 pekee. Ndiyo sababu mtu aliye nyuma ya ukuta husikia lori likiwa zito kuliko lilivyo: sauti nyembamba zimezuiwa, nzito zimepita.

Desibeli zinahitaji kuzoeleka. Kupungua kwa desibeli 3 ni sawa na kuondoa nusu ya magari barabarani. Kupungua kwa desibeli 10 ndiko sikio la kawaida linakokuona kama kelele imebaki nusu. Kwa hiyo desibeli moja au mbili si kitu cha kudharau, wala si muujiza.

Maumbo ya ukingo na kazi zake

Njia ya kwanza ya kuboresha ukuta ni kuuinua. Katika mfano wetu, kuongeza mita moja kungeleta upungufu mwingine wa karibu desibeli 3. Lakini ukuta mrefu una gharama. Msingi wake lazima uwe mpana, upepo unausukuma kwa nguvu zaidi, unaziba mandhari na jua, na ukianguka unaua. Hapo ndipo wahandisi walipoanza kuuliza kama ukuta wa kimo kilekile unaweza kufanya kazi zaidi kwa kubadilishwa kichwa chake tu.

Umbo lililochunguzwa sana ni la herufi T: ukuta uliovikwa ubao mpana juu yake. Mwaka 1980 watafiti wa Ontario nchini Kanada, May na Osman, walichapisha matokeo ya maumbo mapya ya kuta za barabara kuu, na T ilikuwa miongoni mwa yaliyotia moyo. Siri yake ni kwamba ina kingo mbili badala ya moja. Sauti inapinda kwenye ukingo wa kwanza, inateleza juu ya ule ubapa, kisha inalazimika kupinda tena kwenye ukingo wa pili. Kila mpindo unaipunguza nguvu.

Uso wa ubapa huo nao una kazi kubwa. Ukiwa wa saruji ngumu, sauti huteleza juu yake bila kupoteza kitu. Ukifunikwa kwa kitu kinachonyonya sauti, chenye vinyweleo vya kuingiza hewa, sehemu ya sauti humezwa ikiwa njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Hothersall na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba T yenye kichwa laini inaishinda T yenye kichwa kigumu.

Watafiti wa Uingereza waliendelea hadi kwenye kuta zenye kingo nyingi, ambapo mbao fupi zinafungwa sambamba na ukingo mkuu ili sauti ikutane na kingo mbili au tatu kwa mfululizo. Majaribio ya ukubwa halisi, yaliyoongozwa na Watts kwenye kuta za mita mbili, yalionyesha faida ya takribani desibeli 2 hadi 3 juu ya ukuta wa kawaida wa kimo kilekile. Desibeli 2 ni sawa na kuondoa zaidi ya theluthi moja ya magari, bila ukuta kuongezeka hata sentimita moja.

Nchini Japani, Fujiwara na wenzake walijaribu kuuvika ukingo bomba la mviringo, na matokeo yao yana funzo kwa kila fundi. Bomba lililofungwa kwa kitu kinachonyonya sauti lilisaidia. Bomba gumu lilidhuru: sauti ilitambaa juu ya mgongo wake na kushuka upande wa pili kwa urahisi zaidi kuliko ilivyopinda kwenye ukingo mwembamba. Kumbe kuulainisha ukingo kwa plasta hadi uwe mviringo mzuri wa kupendeza kunaweza kuudhoofisha ukuta.

Lipo pia umbo linaloshangaza: ukingo wenye meno yasiyo na mpangilio. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Ho, Busch-Vishniac na Blackstock, waliripoti kwamba ukingo uliochongoka ovyo unaweza kuzuia sauti nyembamba vizuri kuliko uliokatwa kwa rula. Kwenye ukingo ulionyooka, mawimbi yanayotoka kila sehemu hufika sikioni yakiwa yamepangana na kusaidiana. Meno huyachanganyia hatua. Mengine hufika mapema, mengine yamechelewa, na sehemu yake hufutana. Kwa sauti nzito faida hiyo hupotea, kwa sababu wimbi la mita tatu haliyaoni meno ya sentimita kumi.

Utafiti huu wote unaleta hitimisho moja. Umbo la ukingo linaongeza desibeli chache juu ya kazi ambayo kimo kimekwisha kuifanya. Kinachozidisha faida hiyo ni vitu viwili: kuilazimisha sauti kupinda zaidi ya mara moja, na kuipitisha juu ya kitu laini inapopinda.

Mgongo wa udongo

Viko wapi basi Mbulu na Hanang vitu hivyo viwili, ukingo mpana na uso laini? Viko chini ya miguu. Tuta la udongo lililopandwa nyasi lina mgongo bapa wenye kingo mbili, na udongo wenye mizizi hunyonya sauti inayoupitia juu. Mwongozo wa mamlaka ya barabara kuu ya serikali ya shirikisho ya Marekani unasema tuta la udongo linaweza kupunguza hadi desibeli 3 zaidi ya ukuta wa wima wa kimo kilekile. Faida ileile inayotafutwa kwa vichwa vya T na vitambaa vya viwandani hupatikana kwa sepetu na mbegu za nyasi.

Upepo unaongeza hoja. Upepo unaovuma kutoka barabarani kuelekea kwa msikilizaji huisukuma sauti ishuke nyuma ya ukuta na kuupunguzia ukuta nguvu. Mwaka 2012 Van Renterghem na Botteldooren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walionyesha kuwa ukuta wa wima huathirika zaidi na upepo kuliko tuta la udongo lenye miteremko ya taratibu, kwa sababu tuta haliuvurugi upepo kwa ghafla. Anayeijua nchi ya wazi ya mashamba ya ngano ya Basotu ataona mara moja maana yake.

Wazee wa Kiiraqw walijua kazi ya udongo kwa sababu nyingine. Katika nyanda za juu za Mbulu, nyumba zao za jadi zilichimbwa ndani ya mteremko, na paa la udongo na nyasi likawa karibu usawa mmoja na ardhi ya nyuma. Zilijengwa hivyo ili adui, hasa wavamizi wa Kimaasai, asizione kwa urahisi. Hakuna aliyekuwa akizuia lori. Lakini mpangilio huo, wa mtu kukaa chini ya mgongo wa udongo wenye nyasi ilhali chanzo cha hatari kiko upande wa pili, ndio mhandisi wa sauti angeuchora leo akiambiwa aikinge nyumba na barabara. Ujuzi wa kuchimba, kushindilia na kuotesha nyasi kwenye mteremko bila udongo kuporomoka uko Mbulu tayari.

Ardhi yenyewe inafundisha. Barabara inayotoka Dareda kupanda kuelekea Dongobesh inakwea ukuta wa Bonde la Ufa. Anayesimama kwenye ukingo wa juu kabisa husikia injini zikihangaika chini. Akirudi nyuma hatua kadhaa, ukingo ukaingia kati yake na barabara, sauti nyembamba hukatika na mngurumo hupungua. Hata barabara inapokatwa katikati ya kilima, ukingo wa mkato ule unakuwa ukuta wa kelele ambao haukugharimu chochote cha ziada.

Nafasi ipo

Tuta la udongo lina kasoro moja kubwa: linakula ardhi. Lenye kimo cha mita tatu, mgongo wa mita moja na miteremko ya mita mbili kwa kila mita moja ya kupanda, linahitaji upana wa mita 13. Mjini Dar es Salaam hakuna anayeweza kutoa mita 13 mbele ya nyumba yake.

Kwa barabara kuu na za mikoa, hata hivyo, sheria imekwishatenga nafasi. Hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukiondoa njia ya magari, bega la barabara na mtaro wa maji, mbele ya shule nyingi za vijijini bado linabaki eneo la kulilaza tuta la mita 13. Kwa kuwa eneo hilo ni la barabara, anayeweza kulijenga au kuruhusu lijengwe ni TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, na wakati mzuri wa kuzungumza nao ni pale mkandarasi akiwa bado kazini. Kila barabara inayopita kwenye milima ya Mbulu hukata vilima, na kila mkato hutoa udongo unaobebwa kwenda kumwagwa mahali. Udongo huohuo, ukishushwa mbele ya shule na kushindiliwa kwa utaratibu, ni ukuta wa kelele ambao malighafi yake imekwisha kulipiwa.

Mahali panahitaji kuchaguliwa kwa makini. Tuta au ukuta hufanya kazi zaidi ukiwa karibu na barabara au karibu na jengo, na hudhoofika ukiwa katikati. Katika mfano wetu wa mwanzo, kuusogeza ukuta hadi katikati ya lori na mwanafunzi kungepoteza karibu desibeli moja na nusu, sawa na kutupa sehemu kubwa ya faida ya kichwa cha T. Urefu nao una maana: sauti ikinyimwa njia ya juu huzunguka mwishoni. Ukuta unaoishia pale pale linapoishia darasa hauwezi kulikinga darasa la mwisho. Na uwazi wa geti unaotazama madarasa huvuja kelele nyingi. Geti lihamishiwe upande mwingine wa eneo, au ncha mbili za tuta zipishane ili mtu apite kwa kuzunguka na sauti isione njia ya moja kwa moja.

Mabonde, maji na ng'ombe

Kila pendekezo la udongo Hanang lazima lijibu swali la maji. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka hadi Katesh na vijiji jirani, yakaua zaidi ya watu 80 na kubomoa nyumba. Hakuna mtu aliyeyashuhudia atakayekubali mlima mdogo wa udongo ujengwe ovyo mbele ya shule. Naye ana haki. Tuta linalokatiza njia ya maji ni bwawa linalosubiri mvua. Lazima liwe na makalvati ya kutosha, lisijengwe kwenye mkondo wa korongo, na mteremko wake ushikwe na nyasi zenye mizizi mingi kabla ya masika. Pale ambapo mhandisi wa maji anasema hapana, jibu liwe hapana, na ukuta mwembamba wenye kichwa kilichofikiriwa vizuri uchukue nafasi.

Mifugo nayo ihesabiwe. Nchi ya Wabarbaig, wafugaji wa Kidatoga wa Hanang, ni nchi ya ng'ombe, na mbuzi hawahitaji mwaliko kupanda mteremko wenye majani mabichi. Kwato zikikanyaga mgongo wa tuta kila siku, udongo unashindiliwa mpaka unakuwa mgumu, vinyweleo vyake vinaziba, na unaacha kunyonya sauti. Ukingo laini umegeuka ukingo mgumu, ingawa kimo hakijabadilika. Uzio wa minyaa chini ya mteremko unatosha kuwazuia wanyama, na hiyo ndiyo kazi hasa ya uzio wa mimea. Watu wengi huamini kwamba safu ya miti au minyaa yenyewe inazuia kelele. Inazuia macho, na mtu asiyeona lori hulichukia kidogo zaidi. Lakini ili miti ipunguze kama desibeli 5 tu, unahitaji ukanda mnene wa upana wa karibu mita 30, wenye majani kuanzia chini hadi juu.

Baridi ya Mbulu inaleta changamoto ya mwisho. Katika usiku mtulivu wa mwezi wa saba, anga likiwa bila mawingu, ardhi hupoa haraka na hewa iliyo karibu nayo hupoa pamoja nayo, huku hewa ya juu ikibaki na joto zaidi. Sauti hupinda kuelekea hewa baridi, yaani chini, na kuteremka nyuma ya vizuizi ambavyo mchana vilikuwa vikifanya kazi. Ndiyo sababu lori la usiku husikika kutoka mbali sana. Kwa wodi za hospitali, ambako usiku ndio wakati wa kupona, ukuta pekee hautoshi: mwendo wa magari nao udhibitiwe, na vyumba vya kulala wagonjwa vipangwe upande usiotazama barabara.

Kwa nini tujisumbue

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele za nje zinazoingia darasani wakati wa somo zisizidi desibeli 35, na kwamba sauti ya mwalimu izidi kelele kwa angalau desibeli 15 ili mtoto aelewe kila neno. Kwa wodi za hospitali wakati wa usiku lilipendekeza desibeli 30. Mwaka 2018 shirika hilo, kwa ajili ya Ulaya, lilishauri kelele za barabarani za usiku zisizidi desibeli 45 nje ya nyumba. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tangu 2015 ina kanuni zake za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya usimamizi wa baraza la taifa la mazingira, NEMC.

Madarasa yetu hayana vioo vya tabaka mbili wala mitambo ya hewa. Madirisha hufunguliwa kwa sababu darasa lina watoto wengi na wanahitaji kupumua. Dirisha lililofunguliwa nusu hupunguza kelele kwa kama desibeli 15 tu. Hivyo kinachozuia kelele kwa mtoto wa Katesh au Dongobesh lazima kifanye kazi nje ya jengo, kabla sauti haijafika dirishani. Mtoto anayejifunza Kiswahili darasani huku nyumbani akizungumza Kiiraqw au Kidatoga anahitaji kuisikia kila silabi, kwa sababu hawezi kulijaza kwa kukisia neno ambalo bado halijui. Kelele humuumiza yeye kwanza.

Majirani wetu wamekwishaonyesha kwamba jambo hili linaweza kuingizwa kwenye ujenzi mkubwa tangu mwanzo. Reli ya kisasa ya Kenya kutoka Nairobi kwenda Naivasha, iliyofunguliwa Oktoba 2019, inapita juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kwa daraja la kilomita takribani sita, na kingo za daraja hilo zimewekewa vizuizi vya kelele kwa ajili ya wanyama walio chini. Ikiwa swala na vifaru wamefikiriwa, mtoto wa darasa la tatu anastahili kufikiriwa, na mgonjwa anayelala Haydom, katika hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955 na inayohudumia watu wa mikoa kadhaa, anastahili pia.

Kazi ya kuanzia haihitaji mtaalamu wa kigeni. Mkutano wa tathmini ya athari kwa mazingira unapoitishwa kijijini, wananchi wana haki ya kuuliza. Mwalimu mkuu aulize: mbele ya shule yangu, barabara itapita kwenye mkato au juu ya tuta? Udongo wa mkato utamwagwa wapi? Diwani aulize: hifadhi ya barabara mbele ya zahanati inabaki mita ngapi baada ya mtaro? Kamati ya shule ambayo tayari ina ukuta, na haina fedha ya kuuinua, inaweza kuanza na matundu na geti, kisha ifikirie kichwa cha T chenye kitu laini juu yake, kwa ushauri wa fundi anayejua kuhesabu upepo.

Mpangilio wa kufuata ni huu: kwanza punguza mwendo wa magari, pili tumia ardhi na udongo uliopo, tatu hakikisha kizuizi ni kirefu, hakina matundu na kimekaa mahali pake, nne ushughulikie ukingo wake wa juu uwe mpana, laini na wenye kulindwa. Anayeanza na la nne atapoteza fedha. Anayeishia kwenye la tatu atakuwa ameziba njia zote za sauti isipokuwa ile inayotumika zaidi. Mkandarasi akiwa na greda barabarani na udongo wa mkato ukiwa bado kwenye malori, gharama ya kufanya hatua hizi ni ndogo sana. Akishaondoka, shule italazimika kuchangisha matofali kwa miaka mingi ili kupata sehemu tu ya utulivu ambao ungekuwa wake bila kuchangisha.